Chemirocha: Mfunga Breki Aliyeimba Mapafu Yakiisha



Leo siwaletei mtakatifu. Wiki nyingi hapa tunasoma habari za wafiadini na mabikira, na ni vizuri, lakini leo naomba mnivumilie nisimulie maisha ya mtu ambaye hakuna atakayemtangaza mwenye heri. Hakuwa Mkatoliki. Alikunywa sana, alitumia hela kabla hazijafika mfukoni, ndoa yake ya kwanza haikudumu, na baadhi ya nyimbo zake mimi mwenyewe nisingekubali zipigwe kwenye sherehe ya kipaimara. Anaitwa Jimmie Rodgers. Ni Mmarekani aliyekulia Meridian, mji wa reli katika jimbo la Mississippi, na wanaoujua muziki wa kantri wanamwita baba wa muziki huo. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, akafa tarehe 26 Mei 1933. Piga hesabu: miaka 35 tu.

Nimemchagua kwa sababu ya mabishano ambayo hata huku kwetu yapo. Mwimbaji wa kantri akitoa albamu akaingiza tarumbeta, au mdundo wa watu wengine, mashabiki wanagawanyika. Wapo watakaosema amekua, na wapo watakaosema amepotea, amewaacha watu wake, amechafua kitu safi. Nami kila nikisikia neno hilo "safi" likitumiwa juu ya muziki, namkumbuka huyu bwana, maana yeye ndiye chemchemi yenyewe, na chemchemi ilikuwa imechanganyika tangu mwanzo.

Mama yake, Eliza, alifariki Jimmie akiwa mtoto mdogo. Baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa genge la mafundi wa reli, mtu wa kuhama na kazi, kwa hiyo kijana alilelewa na ndugu mbalimbali, leo huku, kesho kule. Shule haikumkaa. Alipofika miaka 13 hivi akashinda shindano la kuimba mjini kwao, na sifa zikampanda kichwani. Akatoroka na kundi la maonyesho ya wauza dawa. Mnawajua wale wa minadani wenye spika, anayepiga porojo na kucheka na watu ili auze chupa ya dawa inayotibu kila ugonjwa? Marekani ya zamani walikuwepo tele, na walihitaji wanamuziki wa kuvuta watu. Inasimuliwa pia kwamba alijaribu kuanzisha maonyesho yake mwenyewe, akaagiza hema la gharama kwa jina la baba yake bila mzee kujua. Bili ilipomfikia mzee, mnaweza kukisia wenyewe.

Baba alimfuata akamrudisha, akampa chaguo: shule au reli. Akachagua reli. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapelekea maji vibarua waliotengeneza njia.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana kila kitu kilichofuata kilianzia kwenye ile ndoo ya maji. Vibarua wale wengi walikuwa watu Weusi, wajukuu wa watumwa. Kunyanyua reli ya chuma na kuisogeza mahali pake si kazi ya mtu mmoja. Watu wanashika vyuma vyao pamoja, mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na kwenye neno fulani wote wanasukuma kwa mara moja. Ni kama wavuvi wetu wanavyovuta jarife: wimbo si starehe, wimbo ndiyo kazi yenyewe. Saa ya kupumzika gitaa na banjo zinatolewa, na nyimbo zinageuka kuwa za majonzi, za mwanamke aliyeondoka, za jela, za treni inayokwenda mbali. Huo ndio muziki wa bluzi. Kijana Mzungu mwenye ndoo alikaa pale akisikiliza, akajifunza vidole vya gitaa kutoka kwao, akajifunza jinsi ya kuchelewesha neno, jinsi ya kuifanya sauti ilie bila kulia.

Walioifundisha ile mikono majina yao hatunayo. Hakuna kitabu cha mishahara kilichoandika nani alimwonyesha Jimmie Rodgers kordi ya kwanza. Na Mississippi ya wakati ule ilikuwa nchi ya ubaguzi wa sheria kabisa: mabehewa tofauti, shule tofauti, mitaa tofauti. Mwalimu asingeweza kuketi meza moja na mwanafunzi wake. Tena niseme yote, maana maisha ya mtu ukiyapaka sukari unamdhulumu: Rodgers mwenyewe alipokuwa akizunguka na yale maonyesho ya dawa aliwahi kujipaka uso rangi nyeusi ili achekeshe watu, mchezo uliokuwa kawaida kwa Wazungu wa siku zile. Aliwapenda nyimbo zao na akawafanyia mzaha sura zao. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, na sidhani aliona tatizo. Mtakatifu Augustino angetuambia moyo wa binadamu ni chumba chenye giza, lakini hapa hatuhitaji kwenda Hippo. Sisi wenyewe tunazo ngoma za makabila tunayoyatania.

Alipokua akapanda cheo kidogo, akawa mfunga breki kwenye treni za mizigo. Ni kazi ya kuunganisha mabehewa, kupanda, kushuka, kusaidia kulisimamisha gari moshi, mchana na usiku, mvua ikinyesha, baridi ikiuma. Mwaka 1920 akamwoa Carrie Williamson, binti wa mchungaji wa Kimethodisti. Familia ya mke haikumpata mtu wa kutulia. Kazi ya reli ilikuja na kuondoka, na kila ilipoondoka Jimmie alishika gitaa akatokomea na kundi lolote lililompa nauli. Walipata mabinti wawili. Yule wa pili, June Rebecca, alifariki Desemba 1923 akiwa na miezi sita. Baba yake alikuwa mbali, New Orleans, hana kitu. Inasimuliwa kwamba aliweka rehani banjo lake ili apate nauli ya kurudi kumzika mtoto.

Mwaka uliofuata akaanza kutema damu. Kifua kikuu. Alikuwa na miaka 27.

Vijana, sisi tumezaliwa wakati ambapo kifua kikuu kina dawa. Unapewa vidonge, unameza miezi sita, unapona, ingawa bado kinaua wengi wanaochelewa. Mwaka 1924 hakukuwa na kidonge. Robert Koch aliwaonyesha watu kijidudu chenyewe tangu 1882, lakini kukijua hakukuwa kukiua. Dawa ya kwanza ya kweli, streptomycin, iligunduliwa 1943, miaka kumi baada ya kifo cha mtu wetu. Kwa hiyo daktari alikuwa na ushauri mmoja: pumzika, kula vizuri, tafuta hewa safi, lala. Ushauri mzuri kwa tajiri. Mfunga breki mwenye mke na mtoto angelala wapi, na angekula nini akilala?

Kazi ya reli mwili ukaikataa. Wakahama na familia wakitafuta hewa: wakaenda hadi Tucson, Arizona, kwenye jangwa, kwa ajili ya ukavu wake, kisha mwaka 1927 wakaenda Asheville, mji wa milimani huko North Carolina. Na hapa ndipo ninapoona jambo la ajabu kidogo. Kama asingeugua, pengine angebaki mfunga breki anayeimba vizuri kwenye kilabu cha wafanyakazi, na leo asingejulikana hata Meridian. Siandiki kwamba Mungu alimpa ugonjwa ili apate umaarufu, sipendi teolojia ya namna hiyo, inamfanya Mungu kuwa meneja wa wasanii. Nasema tu kilichotokea: mlango mmoja ulifungwa, na kile alichokuwa akikifanya pembeni ndicho kilichobaki.

Julai 1927 mtu wa kampuni ya santuri ya Victor, Ralph Peer, alifika Bristol, mji uliokaa kwenye mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia, akafunga mitambo yake kwenye jengo lililokuwa ghala la kofia, akaita waimbaji wa milimani. Rodgers alikwenda na bendi. Usiku wa kuamkia kurekodi wakagombana na wenzake juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri, na kila upande ukashika njia yake. Basi tarehe 4 Agosti akaingia peke yake na gitaa, akarekodi nyimbo mbili, ya mpenzi wa askari na ya kumbembeleza mtoto alale. Akalipwa dola 100. Siku chache kabla, kwenye chumba hicho hicho, familia ya Carter kutoka Virginia ilikuwa imerekodi nyimbo zake za kwanza. Ndiyo maana wanahistoria wa kantri wanaitazama Bristol kama sisi tunavyoitazama Bagamoyo kwa habari za wamisionari.

Santuri ile haikuuza sana. Wengine wangengoja simu. Yeye alikwea treni hadi New York, akachukua chumba cha hoteli ambacho hakuwa na uwezo wa kukilipia, akamtumia Peer ujumbe kwamba yupo mjini na yuko tayari. Jamaa alikuwa na ujasiri wa kifukara. Tarehe 30 Novemba 1927, huko Camden, New Jersey, akarekodi wimbo ulioitwa "Blue Yodel", na dunia ya muziki ikageuka.

Sasa yodeli ni nini? Ni ile namna ya kuivunja sauti ghafla kutoka kifuani kwenda juu kichwani na kurudi, kama wachungaji wa ng'ombe wa milima ya Alps wanavyoitana bondeni. Ilikuwa imefika Marekani kupitia waimbaji wa majukwaani. Rodgers alichofanya ni kuichukua sauti ya Waswisi na kuishonea kwenye bluzi ya vibarua wa Mississippi. Ukisema hivyo kwa maneno inaonekana kama utani. Ukiisikia, unaona kama vitu hivyo vilikuwa vinatafutana siku zote. Santuri hiyo iliuzwa karibu nusu milioni kwa muda mfupi, na alirekodi "Blue Yodel" nyingine, zikafika 13 kwa jumla.

Niweke tahadhari yangu hapa. Mhusika wa nyimbo hizo mara nyingi ni mhuni. Anatishia kumpiga risasi mwanamke aliyemwacha, anajisifia bastola. Watu wanasema ni sanaa tu, ni mhusika, si mwimbaji. Sawa. Lakini tumezika wasichana wengi mno waliouawa na wapenzi wao, na mimi siwezi kuupigia makofi ubeti wa namna hiyo hata ukiimbwa na malaika. Nyimbo zake nilizozipenda ni zile za treni, za mtu aliyekaa kituoni bila nauli, akiwa mbali na kwao.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu nyimbo hizo, nalo ni la hela. Peer aliendesha biashara kwa hakimiliki: faida yake ilitoka kwenye nyimbo mpya zinazoweza kusajiliwa. Kwa hiyo kila msanii aliambiwa alete kitu kipya. Sasa beti za bluzi zilikuwa zikizunguka kama methali, hazina mwenyewe, zinaimbwa leo shambani, kesho njiani, keshokutwa jela. Rodgers aliziokota, akazipanga upya, akaongeza zake, na zikaandikwa jina lake. Hakuiba kwa maana ya polisi. Hakukuwa na sheria iliyomlinda mtu wa genge la reli aliyeimba ubeti ule mwaka 1911. Lakini mrabaha ulikuja kwa jina moja tu. Hata shemeji yake, Elsie McWilliams, dada yake Carrie, aliyemtungia nyimbo nyingi na kumfundisha tuni zake kwa kinanda kwa sababu yeye hakujua kusoma noti, nyingine hakutaka ziandikwe jina lake. Nimewahi kujiuliza kama hiyo ilikuwa unyenyekevu au mazoea ya wanawake wa wakati ule ya kujiweka nyuma. Labda vyote viwili.

Siku zile hapakuwa na albamu kama tunavyoielewa leo. Santuri moja ilikuwa na wimbo mmoja kila upande, dakika tatu tatu, basi. Lakini kama ungetaka kuichagua albamu yake moja, ile ambayo leo tungesema amejaribu mitindo mipya, chagua kazi aliyoifanya Hollywood, California, katika kiangazi cha mwaka 1930. Kwa wiki chache alirekodi zaidi ya nyimbo kumi, na ukizisikiliza mfululizo unaona mtu asiyejua mpaka uko wapi. Kuna nyimbo alizoimba na wanamuziki wa Lani McIntire kutoka Hawaii, na lile gitaa lao linalolazwa na kutelezeshewa chuma juu ya nyuzi, sauti yake inateleza kama maji. Kuna nyimbo za bendi ya jazi ya Bob Sawyer. Kuna siku aliimba na gitaa lake tu, wimbo wa mswaga nyumbu, ambao waimbaji wa kantri wanaurudia mpaka kesho. Na kuna tarehe 16 Julai.

Siku hiyo mpiga tarumbeta aliyeingia studio alikuwa Louis Armstrong. Ndiyo, huyo huyo mnayemjua, kijana wa New Orleans aliyekulia kwenye umaskini wa kutupwa na wakati huo alikuwa akipiga kwenye ukumbi mmoja karibu na Los Angeles. Kwenye piano alikaa mkewe, Lil Hardin Armstrong. Wakarekodi "Blue Yodel" namba 9. Rodgers alikuwa na tabia ya kutohesabu mapigo sawasawa. Anaongeza nusu hapa, anapunguza kule, kwa sababu alizoea kuimba peke yake. Bendi nyingi zilihangaika naye. Armstrong hakuhangaika. Anamsikiliza, anamngoja, akinyamaza anamjibu, kama waitikiaji wa lile genge la reli walivyomjibu kiongozi wao. Ndiyo nikasema kila kitu kilianzia kwenye ndoo ya maji.

Santuri ilipotoka, jina la Armstrong halikuwemo. Wala la Lil. Armstrong alikuwa na mkataba na kampuni nyingine, hilo linaeleza mengi, lakini pia ni mwaka 1930, Mzungu wa Mississippi na Mweusi wa Louisiana katika wimbo mmoja wa soko la kusini, na ilikuwa rahisi kwa wote kunyamaza. Miaka 40 baadaye, Oktoba 1970, Armstrong akiwa mzee na mgonjwa, alitokea kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Cash, wakaupiga wimbo ule ule mbele ya watu, na safari hii kila mtu alijua ni nani anashika tarumbeta. Alifariki Julai iliyofuata.

Mwaka 1931, huko Louisville, Rodgers alirekodi pia na bendi ya watu Weusi wanaopuliza mitungi badala ya besi. Mtu wa kantri, mitungi, Hawaii, Alps, jazi. Mashabiki wa usafi wangesema amepotea. Hakupotea, alikuwa anarudi.

Hela zilikuja, na alizitumia kama mtu anayejua hatazeeka. Alijenga jumba Kerrville, Texas, mji ambao watu wenye kifua kikuu walikwenda kwa ajili ya hewa yake, likagharimu dola 50,000 katika wakati ambao benki zilikuwa karibu kuanguka. Hakulifaidi sana, gharama zikamshinda, wakahamia nyumba ndogo San Antonio. Januari 1931 alizunguka na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha fedha za Msalaba Mwekundu kwa ajili ya watu waliopigwa na ukame. Mwezi huohuo, tarehe 31, alirekodi wimbo kuhusu ugonjwa wake mwenyewe, akiutaja kwa jina. Mpaka hapo kifua kikuu kilikuwa aibu, ugonjwa wa kufichwa, familia zinaficha sahani ya mgonjwa. Yeye aliusema kwenye gramafoni sebuleni mwa watu, na hakujidanganya kwamba anashinda. Mwaka mmoja na nusu baadaye akaimba mwingine wa kujidai kwamba anauchapa ugonjwa huo. Hakuwa anauchapa. Kati ya maonyesho alilala, kisha akameza whisky kupunguza maumivu, kisha akapanda jukwaani.

Darasani kwetu tulisoma sana juu ya binadamu kama kiumbe anayejua kwamba atakufa. Kurasa nyingi, maneno ya Kijerumani marefu kama treni. Sikatai, zina faida. Ila ukitaka kuelewa somo hilo bila Kijerumani, angalia wiki mbili za mwisho za Jimmie Rodgers.

Mei 1933 alisafiri hadi New York. Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi na santuri hazikuuzika kama zamani. Alijua hana muda, na alitaka mke na binti yake Anita wabaki na kitu. Aliongozana na muuguzi. Alianza kurekodi tarehe 17 kwenye studio za Victor. Baada ya nyimbo chache za mwanzo nguvu ziliisha, akapumzika siku kadhaa, akarudi. Studio wakamwekea kitanda cha kukunja. Alikuwa anaimba wimbo mmoja, dakika tatu, halafu analala mpaka apate pumzi ya kuimba mwingine. Tarehe 24 Mei alimaliza. Wimbo wa mwisho kabisa aliuimba na gitaa lake peke yake, bila mpigaji mwingine, kama alivyoanza Bristol.

Kesho yake akajisikia nafuu kidogo, akaenda kutembea Coney Island, mahali pa pembea na bahari, watu wanapokwenda kufurahi. Jioni hiyo kifua kikaanza. Damu haikukatika. Alfajiri ya tarehe 26 alikuwa amefariki katika chumba cha Hoteli Taft, mbali na mke wake.

Mwili ulirudishwa Meridian kwa treni, na inasimuliwa kwamba dereva, walipokaribia mji, alipiga honi ndefu, ya chini, bila kuiachia mpaka kituoni. Wafanyakazi wa reli walikuwa wakimngoja. Ameacha nyimbo zaidi ya 110, zote za miaka sita. Mwaka 1961 walipochagua watu wa kwanza kabisa kuingia kwenye jumba la heshima la muziki wa kantri, walichagua watatu, na yeye akiwa mmojawapo.

Ningeweza kuishia hapo, lakini niliahidi moyoni kuwafikisha Kericho.

Santuri zake zilisafiri. Wakati wa ukoloni gramafoni zilifika hadi kwenye vilima vya Bonde la Ufa la Kenya, na Wakipsigis wakaisikia sauti ile inayovunjika. Mwaka 1950, miaka 17 baada ya yule mtu kuzikwa, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia wimbo kuhusu mtu anayeitwa Chemirocha, wakisindikizwa na kinubi cha kwao, ndugu yake nyatiti ya Wajaluo. Tracey akauliza Chemirocha ni nani. Ni Jimmie Rodgers, jina likiwa limepita midomoni mwa watu mpaka likapata masikio ya Kikalenjin. Na kwa jinsi sauti ile ilivyokuwa ya ajabu, ilielezwa kwamba mwenye nayo ni nusu mtu, nusu swala. Wasichana walikuwa wanamwalika aje acheze.

Sauti ya wasichana wale ni tamu na ya polepole, haina yodeli hata moja, haina kantri. Walimchukua, wakamwondolea jina, nchi, rangi, hakimiliki na ugonjwa, wakamfanya wao. Yaani kile alichowafanyia watu wa genge la reli, kuchukua kitu kizuri bila kuuliza kinaandikwa kwa jina la nani, ndicho alichofanyiwa na mabinti wa Kapkatet. Tofauti ni kwamba wao hawakulipwa mrabaha, na walimpa miguu ya swala.

Miaka ya 2010 maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini, ikishirikiana na wanamuziki wa Nairobi, ilirudisha rekodi zile kwa wenyewe. Walizunguka vijijini wakiuliza nani anawakumbuka waimbaji wa 1950. Mzee mmoja, aliyerekodiwa akiwa kijana akiimba juu ya huyo huyo Chemirocha, alikutwa hai, umri ukikaribia miaka 90. Wakamwekea sauti yake mwenyewe, akakaa akaisikiliza.